Kanisa lililokaa na Wanavajo zaidi ya miaka 100: Ganado, hospitali, Biblia na vidonda vya shule za bweni (uzi mrefu)

NesiMachame (mtoa mada)

Wakuu, habari za jioni.

Humu tumeshajadili sana wamisionari waliokuja kwetu, kuanzia Rabai hadi Bagamoyo. Leo naomba niwapeleke kwa watu wengine waliopokea kanisa, shule na hospitali kwa mkupuo mmoja, ila wao walipelekewa na taifa lililowazunguka pande zote na ambalo halikuondoka tena. Ni Wanavajo wa Marekani. Mimi ni nesi, nafanya kazi Arizona, na wagonjwa wangu wengi ni watu hawa. Nimesoma habari zao, nimekaa nao makanisani Jumapili, nimewauliza wazee. Nitaandika kwa vipande, kwa hiyo vuteni subira.

Kwanza muwajue. Wenyewe hujiita Diné. Nchi yao ina takriban kilomita za mraba 70,000, imelalia majimbo ya Arizona, New Mexico na Utah. Wana rais wao, baraza la kutunga sheria, mahakama na polisi, na makao makuu yapo Window Rock. Waliosajiliwa kama wananchi wa taifa hilo wanakaribia 400,000, ingawa wengi wanaishi mijini nje ya eneo lao. Ni wafugaji wa kondoo na wafumaji hodari wa mablanketi. Ukoo unafuata mama. Mnavajo akisimama mbele za watu anataja ukoo wa mama yake, kisha wa baba, kisha koo za babu zake wawili, ndipo wasikilizaji wajue nani ni shangazi yake na nani ni ndugu yake humo ndani.

Sasa historia, maana bila hii hamtaelewa kanisa. Mwaka 1863 na 1864 jeshi la Marekani chini ya Kit Carson lilichoma mashamba yao, likaua mifugo na kukata mipichi yao kule Canyon de Chelly hadi njaa ikawasalimisha. Wakaswagwa kwa miguu mamia ya kilomita mpaka Bosque Redondo, New Mexico. Waliofungiwa huko walizidi 8,000. Maji yalikuwa ya chumvichumvi, mahindi yaliliwa na wadudu, watu wakafa kwa wingi. Tarehe 1 Juni 1868 ukasainiwa mkataba wa kuwaruhusu kurudi nyumbani, na ndani ya mkataba huohuo kukawa na kifungu cha shule: watoto wa miaka 6 hadi 16 wapelekwe shule, na serikali itoe mwalimu mmoja kwa kila watoto 30.

Mwaka uliofuata serikali ya Rais Grant ikaanza kugawa makabila kwa madhehebu, kila dhehebu na eneo lake. Wanavajo wakaangukia kwa Wapresbiteri, dhehebu la Kiprotestanti. Mwalimu Charity Gaston akafungua darasa Fort Defiance mwaka 1869, halikupata watoto wa kutosha. Nani angempeleka mwanawe kwa watu ambao juzi tu walikuwa wamemchomea shamba?

Hilo la kanisa kufika likiwa limeshikana mkono na serikali lishikeni. Kila ugomvi utakaofuata unaanzia hapo.

Naendelea baadaye, naingia zamu.

Dereva_wa_I40

Dada Nesi, umenigusa. Napita Gallup, ule mji wa New Mexico, na lori karibu kila wiki. Naona pikapu zimebeba matangi ya maji nyuma, asubuhi na jioni. Nilidhani ni wakulima. Kumbe ni watu wanateka maji ya kunywa?

Mwanafunzi_Iringa

Naweka kambi. Ila swali dogo: Kit Carson alikuwa mmisionari?

NesiMachame (mtoa mada)

Mwanafunzi, hapana. Alikuwa mtega wanyama na mwongoza njia, baadaye afisa wa jeshi. Wamisionari walikuja nyuma yake.

Dereva, ndiyo, ni maji ya nyumbani. Inakadiriwa karibu theluthi moja ya kaya za Wanavajo hazina maji ya bomba, mwaka huu tulionao, ndani ya Marekani. Wanaendesha hadi kwenye bomba la jamii, wanajaza, wanarudi. Na visima vingine havifai kabisa kwa sababu ya urani, madini ya kutengenezea mabomu ya nyuklia. Wakati wa vita baridi makampuni yalichimba urani kwenye ardhi yao, na mashimo zaidi ya 500 yakaachwa wazi. Julai 1979 bwawa la taka za urani lilipasuka Church Rock, hapohapo karibu na Gallup unapopita, likamwaga maji yenye sumu kwenye mto Puerco ambao watu walikuwa wananyweshea kondoo. Ile misheni ya Kikatoliki ya Mtakatifu Bonaventure pale Thoreau, iliyoanza miaka ya 1970, imekuwa ikizungusha lori la maji nyumba kwa nyumba. Kwa bibi mwenye miaka 80 anayeishi peke yake mwisho wa barabara ya vumbi, lori hilo ndilo kanisa analolijua vizuri zaidi. Nami nalihesabu kuwa kanisa kwelikweli.

Sasa Ganado, ambako moyo wangu upo.

Wapresbiteri walirudi kwa nguvu mwaka 1901. Mchungaji Charles Bierkemper na mkewe walifika Ganado, Arizona, mahali palipokuwa na duka la biashara la Lorenzo Hubbell. Hubbell alikuwa Mkatoliki, lakini ndiye aliyewapokea na kuwapa pa kuanzia. Kikajengwa kanisa, ikaja shule, ikaja hospitali ndogo. Kwa miaka mingi wagonjwa walikuwa wa kuhesabika, na sababu mtu wa Kilimanjaro kama mimi naielewa haraka: Mnavajo anaogopa sana mahali mtu alipofia. Zamani mtu akifia ndani ya hogani, ile nyumba yao ya mviringo ambayo mlango wake hutazama mashariki, mwili hutolewa kwa tundu linalobomolewa upande wa kaskazini na nyumba huachwa moja kwa moja. Sasa wewe unamjengea jengo ambalo watu wanakufa humo kila wiki, kisha unamwambia aje alale kwenye kitanda kilekile. Ndiyo maana mara nyingi waliletwa wakiwa wameshakata tamaa, wanafariki, na sifa ya jengo inazidi kuharibika. Na familia nyingi ziliwaachia wamisionari kazi ya kuzika.

Mwaka 1927 akaja Dk. Clarence Salsbury na mkewe Cora, waliokuwa wametumika China. Wakakaa hadi 1950. Mwaka 1930 ilifunguliwa hospitali ya Sage Memorial, na mwaka huohuo daktari akafanya jambo ambalo wenzake wengi walimwona hana akili: akaanzisha shule ya unesi kwa wasichana wa makabila ya asili. Wakati huo watu wenye elimu zao walisema waziwazi kuwa msichana wa kabila la asili hawezi masomo hayo, na kwamba Mnavajo hatagusa maiti wala damu. Mwaka 1933 wakahitimu wawili wa kwanza, Adele Slivers na Ruth Henderson. Baada yao wakaja wasichana wa makabila mengi mengine, na hata wa asili ya Meksiko na Japani ambao shule nyingine ziliwafungia milango. Ilikuwa shule pekee nchini Marekani iliyoidhinishwa rasmi kwa ajili ya kuwafundisha unesi wanawake wa makabila ya asili. Ilifungwa 1951. Mwaka 2009 majengo yake yakatangazwa kuwa alama ya kihistoria ya taifa.

Jamani, mimi nimesoma unesi kwenye hospitali ya misheni. Najua maana ya msichana wa kijijini kuvaa sare nyeupe na kurudi kwao Jumamosi, bibi yake akamtazama. Nesi aliyezaliwa kule anajua kumwambia mgonjwa kwa lugha yake kwamba kifua kikuu kinaambukiza kupitia hewa, na anajua namna ya kusema bila kumtisha. Trakoma, ule ugonjwa wa macho, na kifua kikuu vilikuwa vinawamaliza watu wale. Hospitali hiyo baadaye ilikabidhiwa kwa Wanavajo wenyewe, inaendeshwa na bodi yao, na inatibu watu hadi leo. Katika mambo yote ambayo kanisa lilifanya Ganado, kwangu hili la kuwafundisha kisha kuwakabidhi ndilo kubwa kuliko yote.

Mfasiri_Tabora

Nesi, asante. Mimi nipo kwenye kazi ya kutafsiri Maandiko huku kwetu. Naomba utupe habari za Biblia ya Kinavajo. Nasikia lugha yao ni ngumu hasa upande wa vitenzi na sauti za juu na chini.

Kinara_wa_Jadi

Mimi nitasema ambalo wengine hawalisemi. Dada anatupambia. Watoto waliokatwa nywele, wakalishwa sabuni kwa kuongea lugha ya mama yao, hao hawamo kwenye simulizi hii? Kanisa lilikuwa mkono wa pili wa jeshi. Mnaita misheni, wao wanaita nini?

NesiMachame (mtoa mada)

Kinara, wamo, na nilikuwa nakwenda huko. Nianze na wewe, Mfasiri nitakurudia.

Chifu Manuelito, mmoja wa waliosaini mkataba wa 1868, aliamini shule. Mwaka 1882 wanawe walipelekwa Carlisle, Pennsylvania, shule ya bweni iliyokuwa maelfu ya kilomita kutoka kwao. Wanawe wawili wakaugua, wakafa. Alichofanya mzee yule baada ya hapo ni kudai watoto wa watu wake warudishwe nyumbani. Hebu fikirieni baba amekubali, amesaini, amewatoa damu yake, halafu anarudishiwa habari za msiba.

Mfumo ule ulikuwa wa serikali, lakini makanisa yalikuwa ndani yake. Ripoti ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Marekani ya mwaka 2022 ilihesabu shule za bweni 408 zilizopata msaada wa serikali kuu, na zipo zilizoendeshwa na makanisa. Nywele kukatwa, majina kubadilishwa, lugha kukatazwa, viboko. Wazee ninaowahudumia wanasimulia. Kuna bibi aliyeniambia kuwa aliwafundisha watoto wake Kiingereza tu kwa makusudi, kusudi wasipigwe kama yeye. Watoto hao sasa ni watu wazima, wanakaa kanisani wakati wa tenzi za Kinavajo na hawajui maneno. Oktoba 2024 Rais Biden aliomba radhi rasmi kwa niaba ya taifa, huku Arizona.

Upande wa makanisa, mfano ninaoufahamu ni Rehoboth. Kanisa la Christian Reformed, watu wenye asili ya Uholanzi, walianza kazi kwa Wanavajo mwaka 1896, na 1903 wakafungua misheni ya Rehoboth karibu na Gallup, shule ya bweni na baadaye hospitali. Shule ile ilizaa viongozi, wauguzi, wanajeshi mashuhuri, na pia iliumiza watoto. Walipotimiza miaka 100 mwaka 2003 viongozi wake walikiri hadharani makosa ya zamani na kuomba msamaha. Leo si ya bweni tena, na Kinavajo ni somo darasani. Je, inatosha? Si juu yangu kusema, ni juu ya wale walioumizwa. Ila nilichoona ni kwamba wapo waliopigwa pale na bado ni wazee wa kanisa, na wapo waliotoka wasirudi kamwe. Wote nawaheshimu.

Kwa hiyo, Kinara, nakubaliana nawe kwamba kanisa lilibeba mjeledi. Tunapoachana ni pale unaposema lilikuwa mjeledi tu. Ukisema hivyo unawafuta Wanavajo walioshika imani hii kwa akili zao wenyewe na kuifanya yao, na hao si wachache.

Kinara_wa_Jadi

Umejibu vizuri, nakiri. Lakini bado nauliza: dini yao wenyewe imebaki? Maana kwetu huku mizimu imezikwa.

Mwalimu_Theolojia

Naomba niongeze jambo kwa Kinara. Kwa Wanavajo kulikuwa na wamisionari waliokwenda kinyume na mkondo. Wafransisko, watawa wa Kikatoliki, walifika St. Michaels, Arizona, mwaka 1898, kwa fedha za Mama Katharine Drexel ambaye sasa ni Mtakatifu. Mmoja wao, Padre Berard Haile, alifika mwaka 1900 akakaa kwa zaidi ya miaka 50. Alijifunza lugha, akaandika kwa makini nyimbo na ibada za waganga wao kama walivyomsimulia, bila kuzibandika jina la ushetani. Mwaka 1910 Wafransisko walichapisha kamusi kubwa ya lugha na maisha ya Wanavajo. Nikimsoma namkumbuka Bruno Gutmann wa misheni ya Leipzig aliyefika Kilimanjaro mwaka 1902, akakaa Moshi ya Kale, akaandika sheria na desturi za Wachaga kuliko mtu yeyote wa wakati wake. Wote wawili walifika kwa kupishana miaka miwili tu, pande mbili za dunia, na wote walilaumiwa na wenzao kwamba wanaheshimu mno mila.

NesiMachame (mtoa mada)

Mwalimu, umenifikisha nyumbani kabisa. Babu zangu wa Machame walikuwa wanamtaja Gutmann.

Kinara, dini yao ipo hai. Waganga wao wa kuimba wapo, ibada ya msichana anapovunja ungo ipo, sherehe za usiku tisa za majira ya baridi zipo. Hospitali kadhaa huku zina hogani uani ili mganga amhudumie mgonjwa hapohapo. Kuna pia Kanisa la Wenyeji wa Asili wanaotumia peyote, mmea unaoleta maono, kama sakramenti. Nyumba moja unaweza kumkuta bibi wa jadi, mjomba wa peyote na dada mlokole, na wote wanakula mchuzi wa kondoo kwenye sufuria moja. Si kwamba hawagombani. Wanagombana sana.

Ugomvi mkubwa kuliko yote uliongozwa na Mnavajo Mkristo. Jacob Morgan alisoma shule ya Hampton, akawa mkalimani na mhubiri wa wamisionari, na mwaka 1938 akachaguliwa mwenyekiti wa taifa zima la Wanavajo. Wakati huo serikali ilikuwa inawalazimisha kupunguza mifugo kwa madai kuwa ardhi imechoka. Kondoo na mbuzi walipigwa risasi mbele ya wenyewe, wanawake wakilia, maana kwao kondoo ni mali ya mama. Morgan aliupinga mpango huo na kumpinga aliyeusimamia, John Collier, ambaye kwa upande mwingine ndiye aliyekuwa akitetea dini za jadi. Mwaka 1940, Morgan akiwa mwenyekiti, baraza likapiga marufuku peyote. Marufuku hiyo ilidumu hadi 1967. Mkristo akamtetea mama mwenye kondoo, halafu akamnyima jirani yake ibada yake. Ndivyo alivyokuwa, na mimi siwezi kumkata nusu nikachukua ile ninayoipenda.

Wakili_Nakuru

Mimi ni Mkenya, nimefuatilia tangu jana. Na wale wanajeshi wa Vita ya Pili waliotumia lugha yao kama siri? Nilisikia kuna mkono wa wamisionari pale.

NesiMachame (mtoa mada)

Upo, Wakili. Philip Johnston alikuwa mtoto wa mmisionari, William Johnston. Alikulia kati ya Wanavajo, akacheza na watoto wao, akaongea lugha yao. Mwaka 1901, akiwa mtoto wa miaka tisa hivi, baba yake alimpeleka Washington kuwatafsiria viongozi wa Navajo mbele ya Rais Theodore Roosevelt. Mwaka 1942 yeye ndiye aliyepeleka kwa kikosi cha Marine cha jeshi la Marekani wazo la kutumia Kinavajo. Wakaandikishwa vijana 29 wa kwanza, wakatunga msamiati wa siri wenyewe: kifaru cha vita wakakiita kobe. Mwishoni walifika kama 400. Wajapani hawakuweza kuufumbua. Siri ilifunguliwa mwaka 1968, na wale 29 wakatunukiwa nishani ya dhahabu ya bunge mwaka 2001, wengi wakiwa wameshafariki.

Wengi wao walikuwa wametoka kwenye shule zilizowaadhibu kwa kuongea lugha hiyohiyo. Mzee mmoja akilizungumzia hilo mbele yangu alinyamaza muda mrefu, kisha akabadilisha mazungumzo. Sikumwuliza tena.

Mfasiri, samahani kwa kukuchelewesha. Biblia.

Walianza mapema. Kufikia 1910 zilishachapishwa sehemu za Mwanzo na Injili ya Marko, kazi ya wamisionari wachache na wakalimani wa Kinavajo. Lakini hapakuwa na namna moja ya kuandika iliyokubalika, kila misheni na herufi zake. Na lugha yenyewe, kama ulivyosikia, ina sauti za juu na za chini, vokali za puani, na kitenzi kimoja kinabeba habari ya sentensi nzima: nani, kwa namna gani, kitu cha umbo gani. Kushika kitu kirefu na kigumu, kushika kitu laini kama blanketi, kushika kitu kilicho ndani ya chombo, kila kimoja kina kitenzi chake.

Faye Edgerton alizaliwa Nebraska mwaka 1889, akatumika Korea, kisha miaka ya 1920 akaja Ganado chini ya Wapresbiteri. Wakati ule misheni nyingi zilihubiri kwa mkalimani, na zilifundisha Kiingereza zikiamini Kinavajo kitakufa tu. Yeye alikataa. Akajifunza lugha, na kazi ya tafsiri ilipohitaji muda wake wote akaondoka kwenye misheni yake, akajiunga na Wycliffe, shirika la watafsiri wa Biblia, mwaka 1944. Naomba mlione hilo: mwanamke wa umri wa miaka 50 na zaidi, anaacha kituo alichokizoea ili akae mezani na vitenzi.

Aliyekaa naye mezani ni Geronimo Martin, Mnavajo, kipofu. Alisoma kwa vidole, kwa nukta za Braille, na mkewe Lois akiwa pembeni yake. Mtu asiyeona anasikia kila sauti iliyokaa vibaya. Herufi nazo zilikuwa zimeshatulia kutokana na kazi ya Robert Young na Mnavajo William Morgan, walioandaa kamusi na gazeti la Kinavajo miaka ya 1940. Agano Jipya likatoka mwaka 1956. Edgerton akaenda kuwasaidia Waapache, kabila jingine la asili, nao wapate lao, akafariki 1968. Akina Martin na wenzao wakaendelea na Agano la Kale, na Biblia nzima ikatoka mwaka 1985.

Kutoka Bierkemper hadi Biblia kamili ni miaka 84. Sitaki kuisifia subira hiyo bila kusema ukweli wake: sehemu ya miaka hiyo ilipotea kwa sababu shule za makanisa yaleyale zilikuwa zinaing'oa lugha vinywani mwa watoto ambao wangekuwa watafsiri.

Mfasiri_Tabora

Nimeisoma mara mbili. Huyo Geronimo Martin nitamsimulia timu yangu Jumatatu. Sisi tunahangaika na namna ya kupima tafsiri kwa masikio kabla ya macho, kumbe wapo waliokuwa wanafanya hivyo miaka ya 50.

Dereva_wa_I40

Na siku hizi kanisa likoje? Nikipita usiku wakati wa kiangazi naona mahema yenye taa katikati ya nyika, magari yamepaki, mtu anahubiri kwa spika.

NesiMachame (mtoa mada)

Hayo ni mahema ya uamsho. Kuanzia miaka ya 1950 Wapentekoste wa Kinavajo walianza kuhubiriana wenyewe, na leo hilo ndilo kanisa linalokua kwa nguvu. Hakuna bodi ya misheni ya mashariki mwa Marekani inayotuma mtu. Ni mjomba wa mtu amepata wito, familia inafunga hema kwenye uwanja wa nyumba, akina mama wanachinja kondoo na kukaanga mikate, magitaa yanapigwa kwa mtindo wa kantri, mahubiri ni Kinavajo kikichanganywa na Kiingereza. Wengi wao ni wakali sana kwa mila za jadi, wengine huchoma vifaa vya waganga. Hilo linaniuma. Lakini ni uamuzi wao, si wa mzungu.

Machi 2020 mkutano mmoja wa kanisa huko Chilchinbeto ulihusishwa na kusambaa kwa korona mapema, na kufikia Mei taifa la Wanavajo lilikuwa limepita jimbo la New York kwa kiwango cha maambukizi kulingana na idadi ya watu. Ugonjwa ulikuta nyumba zisizo na maji ya kunawia, familia za vizazi vitatu chumba kimoja. Tulipoteza wazee waliokuwa wanajua tenzi zote kwa kichwa, na waganga waliokuwa wanajua ibada ambazo hazijaandikwa popote.

Makanisa ya zamani nayo yamebadilika. Waanglikana wa Marekani, ambao walianza na hospitali Fort Defiance katika miaka ya 1890, walipata askofu wa kwanza Mnavajo, Steven Plummer, mwaka 1990, na mwaka 2024 eneo lao likafanywa dayosisi ya kimisionari yenye haki ya kujichagulia askofu. Tangu hospitali ile ifunguliwe hadi haki hiyo ipatikane imepita zaidi ya karne. Mimi naona imechelewa mno. Sharika nyingi ndogo za Wapresbiteri hazina mchungaji wa kudumu, wazee wa kanisa wanaongoza ibada, na fedha za kutoka mijini zimepungua.

Ngoja niwape jambo moja kutoka wodini. Kwa Wanavajo neno baya likitamkwa juu ya mtu linaweza kumvuta baya hilo. Sheria za huku zinamtaka daktari amweleze mgonjwa hatari zote. Akimwambia mzee, "Usipotumia dawa hii utakufa", mzee anasikia amelaaniwa, anavaa kofia yake, anaondoka. Wenye busara husema, "Kulikuwa na mtu mmoja mwenye ugonjwa kama huu, hakutumia dawa, akapata shida kubwa." Mzee anatikisa kichwa, amekuelewa, na hakuna aliyemtakia mabaya. Nilijifunza hilo kwa nesi mwenzangu wa Kinavajo, mama mlokole, mwimbaji kwaya. Nikamwuliza kama yeye, akiwa Mkristo, bado anaamini hivyo. Akaniambia mdomo ni mdomo, Mungu aliumba dunia kwa kusema.

Kinara_wa_Jadi

Huyo mama ningependa kumsikia akihubiri.

Mwanafunzi_Iringa

Dada, kikundi cha vijana cha Watanzania huku Texas wanapanga kwenda kujitolea wiki moja huko, kupaka rangi kanisa. Una ushauri?

NesiMachame (mtoa mada)

Waandikie kwanza wazee wa usharika na waulize wanataka nini. Kila kiangazi vinakuja vikundi vya vijana na rangi, kuna makanisa yamepakwa rangi mara nyingi huku paa linavuja. Mara nyingi hitaji ni kuni za wazee kabla ya baridi, kuchota maji, kurekebisha ngazi ya mtu wa kiti cha magurudumu. Msipige picha za watu wala nyumba bila ruhusa, na mkikuta sherehe ya jadi barabarani msisogee na simu. Pombe ni marufuku kisheria karibu eneo lote. Na mkialikwa kula, kaeni mle.

Dereva_wa_I40

Nina mapumziko Jumapili ya wiki ijayo. Nataka nifike Ganado nikasali. Njia ni ipi?

NesiMachame (mtoa mada)

Toka barabara kuu ya I-40 pale Chambers, shika barabara ya 191 kuelekea kaskazini, kama kilomita 60 hivi. Lori liache Chambers kama unaweza, upate lifti au gari dogo. Duka la Hubbell bado lipo, linasimamiwa na idara ya hifadhi za taifa, na mablanketi yanauzwa humo. Angalia saa yako: kiangazi taifa la Wanavajo linasogeza saa mbele, Arizona iliyobaki haisogezi. Ukitokea Phoenix, ibada ya saa nne ya Ganado kwako ni saa tatu.